Mgonjwa wa Bigwa

Bigwa, Morogoro
3 Novemba 1996

Mjomba wangu Stambuli,

Shikamoo. Hapa nyumbani wote wazima, isipokuwa mgonjwa mmoja, na mgonjwa mwenyewe ni kompyuta yako.

Nakwambia wewe kwa sababu ndiwe uliyeinunua kwa yule mzungu wa mradi wa maji alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao, na ndiwe uliyemwambia mama kwamba mpwa wako atakula kwa vidole vyake bila kushika jembe. Basi vidole ninavyo, chakula ndiyo bado. Nikiiwasha inaamka vizuri, inaunguruma, inaniletea maandishi yake. Nikichapa kidogo, nikianza tu kunogewa, puu! Kioo cheusi. Kazi yote imekwenda na maji. Nikiiacha ipumzike inawaka tena kama si yenyewe, halafu inarudia yaleyale.

Dada yako unamjua. Tangu kompyuta ikalie meza ya cherehani yake, hajapata kuitaja kwa jina. Anaiita "mgeni wako". Jana ilipozima alisimama mlangoni akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako atalishika lini?" Tena ameshaandikiana na mama mkubwa Mwanvita wa Kariakoo. Mama mkubwa anakuja kula Idd kwetu, na kama mpaka hapo mashine haijanipa kazi ya kueleweka, anarudi na mimi Dar nikamuuzie vitenge. Mjomba, mimi sitaki. Vitenge havijanikosea, ila nimejifunza kupiga chapa, nataka kupiga chapa, na nataka kuipigia hapahapa Bigwa ninakoamka nikauona mlima.

Kazi ipo, hilo ndilo linaloniuma. Mwalimu Juliana wa sekondari ya huku ameniahidi: nikimchapia mitihani ya mwezi wa pili ikatoka safi, mitihani ya mwaka mzima ni yangu.

Usije ukadhani situnzi. Mashine inatunzwa kuliko mimi. Mama na kununa kwake kote hawezi kuona kitu cha thamani kimekaa uchi ndani ya nyumba yake. Tangu apunguzwe kiwandani anafuma kutwa. Makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina chake, na kompyuta ameifumia kimoja cheupe chenye mawaridi pembeni. Imependeza, usipime.

Barua hii nampa Abdulatif, nimemkuta anapakia lori la Kisaki. Nasubiri dawa.

Mpwa wako,
Shadia

*

Stesheni ya Kisaki
14 Novemba 1996

Mpwa wangu Shadia,

Marahaba. Futa machozi, umefika kwa daktari mwenyewe. Cheti changu cha kompyuta kipo ukutani hapa ofisini, karibu na ratiba ya treni, na kila abiria anayengoja anakisoma. Wengi wanadhani ni leseni ya kuuza samaki, lakini wanakisoma. Kwamba Kisaki hakuna umeme hilo ni jingine. Ujuzi hauendeshwi na umeme.

Ugonjwa nimeujua kabla sijamaliza ukurasa wako wa kwanza. Ni umeme wa Bigwa. Unapanda na kushuka kama wanawake wa mlimani na vikapu vya ndizi. Kompyuta haivumilii. Tafuta stebilaiza, siku hizi soko huria, vitu vya Dubai vimejaa mpaka barabarani. Na kitu cha pili, dirisha liwe wazi, kwa sababu mashine hizi haziwezani na joto. Kwa yule mzungu ilikaa miaka na haikupata hata mafua.

Huku mvua zimeanza na tembo nao wameanza. Juzi mmoja alisimama katikati ya reli, dereva wa treni akapiga honi mpaka akachoka. Tembo akageuka, akamtazama, akaendelea kula. Abiria wakanijia mimi kulalamika kwamba treni imechelewa. Niwaambieje? Nimwandikie tembo barua ya onyo?

Dada mwambie namsalimu, shikamoo yake hii hapa, na amvumilie mgeni.

Mjomba wako,
Stambuli

*

Bigwa
1 Desemba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Stebilaiza tumeipata. Mwenye duka aliniapia kwamba hata radi itaiogopa. Tumeiweka chini ya meza, inawaka kitaa chekundu, na mama alipoiona iko peke yake hivihivi akaifumia nayo kitambaa, cha kijani. Dirisha liko wazi kutwa, upepo wa mlimani unaingia mpaka asubuhi navaa sweta nikichapa. Kwa hiyo joto lifute kabisa kwenye orodha yako.

Na bado inazima! Jumatano Mwalimu Juliana alikuja kujionea. Nikampa kiti, nikajikohoza, nikaanza kuchapa kwa madaha ili aone vidole vinavyokimbia. Puu. Akasubiri. Nikaiwasha, nikachapa, puu tena. Akasema kwa upole, "Labda inaona haya kwa wageni." Mwalimu huyo ana roho nzuri, maana mwingine angecheka. Aliyecheka ni mama, huko jikoni, nikamsikia.

Habari nyingine: Mama Elia jirani yetu amenunua televisheni. Jioni watoto wa mtaa mzima wako sebuleni kwake, na waliokosa nafasi wamening'inia dirishani. Mama alikwenda kuangalia mara moja akarudi amekasirika. Nikamuuliza wameonyesha nini. Akasema, "Sijui wameonyesha nini. Televisheni ya watu haina hata kitambaa!" Kesho yake akampelekea kimoja.

Tafadhali fikiri sana mjomba. Rajabu inaisha hivyo, Idd si mbali.

Shadia

*

Stesheni ya Kisaki
10 Desemba 1996

Mpwa wangu,

Nimefikiri mpaka nikaunguza wali. Jibu ni mjusi.

Usicheke. Mijusi ya Bigwa naijua tangu utoto wangu, haina adabu. Inapenda mahali pa giza penye vuguvugu, na ndani ya kompyuta ndipo penyewe. Ikilala juu ya nyaya, umeme unakatika. Zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua lile sanduku kwa bisibisi uchungulie. Halafu hakikisha hapabaki tundu la kiumbe kuingia tena.

Mwambie na dada asimcheke mtoto mbele ya wateja. Hapana, usimwambie. Nitakuja kumwambia mwenyewe nikipata likizo, nikiwa nimesimama karibu na mlango.

Stambuli

*

Bigwa
23 Desemba 1996

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mkono wako nimeubusu kwa mbali, maana mjusi alikuwemo! Mnene, ametulia. Nilipofungua sanduku alinitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji. Mama alipiga kelele, Mama Elia akaja na mwiko, mjusi akatoka kwa raha zake akapanda ukutani. Nikasema alhamdulillahi, shida imekwisha.

Mama hakungoja kuambiwa. Kusikia kwamba pasibaki tundu, alikaa na uzi wake na kufuma kingine kirefu kinachoanzia kichwani, kinateremka mgongoni, kinafika mpaka mezani, na kiunoni kina utepe wa kufungia. Hata sisimizi sasa lazima apige hodi. Mbele ameacha uwazi wa kioo, kwa hiyo uso tu ndio unaoonekana. Jamani, ni bi harusi kabisa.

Lakini mjomba, shida haikwisha. Imezidi. Zamani nilikuwa namaliza ukurasa, sasa simalizi hata nusu. Jana ilipozima nililaza kichwa juu ya kibodi nikalia, nikalia kweli, nikiwaza Kariakoo, na mitihani ya Mwalimu Juliana nani ataichapa. Mama alinikuta hivyo. Aliingia chumbani kwake akatoka na uzi akaendelea kufuma, hanitazami. Nadhani anahesabu siku niondoke apate meza yake.

Shadia

*

Stesheni ya Kisaki
2 Januari 1997

Shadia mwanangu,

Usilie. Ukilia wewe, mimi huku nashindwa kupiga filimbi ya treni. Kwetu Waluguru mjomba ndiye anayeulizwa, na mimi nimeulizwa mara mbili nimejibu upuuzi. Cheti nimekigeuza, kinatazama ukuta.

Limebaki jambo moja ninalolijua, virusi. Ni ugonjwa wa kompyuta unaoletwa na disketi za watu, na dalili zake huwa hazieleweki, kama zako. Usiingize disketi ya mtu yeyote kwa sasa, mashine iuguzwe.

Lakini daktari hatibu asichokiona. Mwite Abdi mpiga picha wa pale Bigwa, aipige picha hiyo kompyuta kama ilivyo, hapo mezani, na nyaya zake na stebilaiza yake. Mpe Abdulatif aniletee. Nataka kumwona mgonjwa kwa macho yangu.

Mjomba wako asiye na cheti,
Stambuli

*

Bigwa
16 Januari 1997

Mjomba,

Ramadhani karim. Picha hii hapa, Abdi ameitoa vizuri.

Ngoja nikuchekeshe. Nilipomsomea mama barua yako, nilipofika kwenye "iuguzwe" akanyanyuka. Akasema, "Kumbe mgonjwa kweli! Mbona hamsemi?" Akafunga dirisha, kwamba mgonjwa hapigwi na upepo. Kitambaa kirefu akakitia bitana ya flana aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya wajukuu, ambao mimi na wewe tunajua hawajazaliwa. Ile flana imekatazwa hata kuguswa miaka yote!

Na siku ya picha ungemwona. Mimi nilidhani atakaa jikoni. Abdi anapanga kamera, huyo mama anatoka amevaa doti yake ya Idd, ambayo Idd yenyewe bado. Akasimama kando ya mashine akaweka mkono juu yake. Nikamuuliza, "Mama, na wewe umo?" Akasema amesimama ili picha ya watu isipotee bure kwa kitu kitupu. Abdi alimwomba atabasamu, akakataa.

Mjomba, hii ndiyo barua yangu ya mwisho kabla ya mama mkubwa kufika. Mitihani ya Mwalimu Juliana imefika, iko kwenye bahasha, imeandikwa kwa mkono, inanitazama. Mashine sasa inawaka inazima, inawaka inazima. Kama huna dawa niambie tu, nianze kufunga begi.

Shadia

*

Stesheni ya Kisaki
22 Januari 1997

Shadia, Shadia, Shadia!

Nimecheka mpaka fundi wa reli ameniletea maji, nikamkumbusha tumefunga.

Begi usifunge. Mgonjwa wako hana mjusi, hana virusi, hana chochote. Mgonjwa wako anasikia joto! Nimeitazama picha ile, nikaona kanzu, nikaona flana, nikaona utepe kiunoni. Mwanangu, kompyuta inapumua kwa mgongo. Kule nyuma kuna feni, na kile kioo nacho kina matundu kichwani, na kote huko dada ameziba. Wewe unavaa sweta kwa baridi ya mlimani, yeye ndani ya flana anaiva. Akiiva anazima, akipoa anawaka. Na kila nilipotoa dawa mimi, mgonjwa akaongezwa nguo.

Wewe uliniandikia habari za vitambaa tangu barua ya kwanza, na mimi nikazisoma kama salamu. Maana nyumba ya mama yako isiyo na kitambaa ningeishtukia, yenye kitambaa nitaishtukia vipi?

Sasa sikiliza. Usiende ukamwambia kwamba vitambaa vyake ndivyo vilivyoua kazi yako. Itazame tena ile picha, na nakurudishia ili uitazame. Tazama mkono wake pale juu. Mtu anayetaka mgeni aondoke hamshonei nguo, wala hampi flana ya wajukuu. Wewe ulisema anahesabu siku uondoke. Mimi ni mdogo wake, amenilea, na nakwambia kila uzi pale ni dua usiondoke. Kununa kusikudanganye, sisi sote wa nyumba ile tunanuna tukipenda.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake. Nimetunga mbinu. Mpe, nyamaza, usicheke.

Mjomba wako, ambaye cheti amekigeuza tena,
Stambuli

*

Stesheni ya Kisaki
22 Januari 1997

Dada yangu mpenzi Chausiku,

Shikamoo. Asalaam aleikum, na Ramadhani njema.

Dada, picha nimeiona na nimeingiwa na wivu. Vitambaa vizuri vile kwa nini vikae Bigwa peke yake? Ofisi yangu hapa imekaa kama ghala. Nina redio, nina taa ya chemli, nina simu ya reli, vyote viko uchi na wakubwa wangu wanapita. Nakuomba sana, kwa heshima yako, unipe vile vya kompyuta vyote, kile cheupe na kile kirefu chenye flana, na cha stebilaiza pia. Usinifumie vingine, nataka hivyohivyo. Na usihangaike kufumia kompyuta vingine kwa sasa, macho yako yapumzike mwezi huu mtukufu.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Stambuli

*

BIGWA
12 FEBRUARI 1997

STAMBULI,

MARAHABA. NINAANDIKA MWENYEWE. KWA KIDOLE KIMOJA. SHADIA AMEKWENDA SOKONI, SITAKI ANISAIDIE. HERUFI ZIMEKUWA KUBWA ZOTE NA SIJUI KWA NINI, USIDHANI NAKUPIGIA KELELE. INGAWA NINGEKUWA NA HAKI YA KUKUPIGIA.

WEWE TANGU UZALIWE HUJAPATA KUNIOMBA KITAMBAA. ULIPOOA NILIKUFUMIA SETI NZIMA, MKEO AKANIAMBIA UMEFUTIA BAISKELI. LEO KISAKI, KWENYE TEMBO NA MASIZI YA TRENI, UNATAKA KITAMBAA CHEUPE CHENYE MAWARIDI? TENA CHENYE FLANA, NA KISAKI NI JOTO MPAKA MAJI YANATOKA ARDHINI YANACHEMKA? NIKAMTAZAMA SHADIA. SHADIA ANATAZAMA DARI. NIKAJUA KUNA JAMBO.

NIKAIVUA. NIKAIGUSA MGONGO. STAMBULI, NILITOA MKONO HARAKA. ILIKUWA NA HOMA.

Sasa Shadia amerudi, amepita nyuma yangu akabonyeza kitu, herufi zimekuwa ndogo. Nimemfukuza.

Nilimwambia awashe, achape, nione. Mimi nikakaa kando na ungo napepea. Akachapa ukurasa, akachapa wa pili, akaniambia, "Mama, haina haja ya ungo, ina feni yake." Nikasema mimi napepea. Akachapa mpaka adhana ya magharibi, tukafuturu, akarudi akachapa tena. Haikuzima. Mtoto alikuwa anachapa huku analia na kucheka, na mimi vilevile, ila mimi nilisema ni moshi wa jikoni.

Sasa nikuulize. Wewe ulipokuwa mdogo ukashikwa na homa, nani aliyekuvua shuka akakukanda kwa maji akakupepea usiku mpaka kucha? Si mimi huyu? Mngeniambia tangu mwanzo kwamba mashine ina homa, si mngeniona nilivyo! Mnaniambia sijui mjusi, sijui virusi. Halafu mnaniogopa, mnatunga hila za kitoto, kana kwamba nitakufa nikiambiwa kitambaa kimezidi.

Mwalimu Juliana amechukua mitihani yake. Ameikagua karatasi kwa karatasi, akaikunja, akauliza kama tunaweza na ile ya kidato cha nne. Mimi ndiye niliyejibu tunaweza.

Dada Mwanvita alikuja, tukala Idd vizuri. Alipouliza begi la Shadia liko wapi nikamwambia Shadia ana kazi. Akasema, "Lakini wewe ndiwe uliyeniandikia nije nimchukue." Nikasema ndiyo, niliandika kwa hasira. Nikaandika, halafu kila kukicha nafuma nikimwomba Mungu mashine ipone upesi dada asije akanichukulia mtoto wangu. Nimemwambia hivyo mbele ya Shadia. Sikuwa nimepata kulisema, na nikishasema niliona nyumba imekuwa kubwa. Dada amerudi Dar na mikungu ya ndizi, na habari za televisheni ya Mama Elia mdomoni, maana aliipenda.

Meza ya cherehani nimechongesha nyingine. Ziko mbili, zinatazamana. Mimi nashona, yeye anachapa, na dirisha liko wazi.

Kitambaa nimekifuma upya. Sasa anavaa akishazimwa na kupoa. Wakati wa kazi anavua. Hata mimi nikiwa jikoni navua mtandio.

Hivyo vya zamani nakutumia kama ulivyoomba, Abdulatif anavyo, na nitamuuliza kila akirudi kama viko juu ya redio. Ole wako nisikie baiskeli. Flana nimeitoa, nimeirudisha kabatini, ina wenyewe watakaokuja. Ile picha Shadia ameibandika ukutani. Nimemwambia angenikumbusha nitabasamu.

Jana amekuja mtu wa Kingolwira anatafuta mahali pa kuchapisha kadi za harusi. Alisimama barabarani akauliza, "Hapa ndipo kwenye kompyuta?" Nikamwambia pita ndani, mgeni wetu ameshika jembe.

Dada yako,
Chausiku